Meli ya deki 20, mbona haipinduki?

Msomaji anayepanga kwenda likizo na Icon of the Seas, meli ya kitalii iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024, anauliza: jengo lile la deki 20 limezama majini mita 9 na ushei tu. Mbona haliendi ubavu?

Mabwawa na migahawa tuyaache, maana swali hili ndilo tamu. Jaza karai maji, weka sufuria pana ielee, kisha gandamiza ukingo mmoja kwa kidole. Upande uliozama sasa unasukumwa juu na maji kwa nguvu kuliko wa pili; ukiachia, sufuria inajiinua yenyewe. Weka jiwe ndani, katikati: inakuwa imara zaidi. Litoe jiwe, lipandishe juu ya kibao kilicholazwa kwenye mdomo wa sufuria, uguse tena. Jiwe ni lile lile, sufuria ni ile ile, lakini safari hii vyote vinazama.

Icon nayo ni sufuria pana yenye uzito chini: ina upana wa mita 48 hivi usawa wa maji. Injini, matangi ya mafuta na farumi vimo tumboni. Ule mlima unaoonekana juu ni vyumba, na sehemu kubwa yake ni hewa. Hata tani 248,663 zinazotajwa si uzito, ni kipimo cha ujazo wa ndani.

Na hapa ndipo ninapoupenda ufundi huu: wasanifu hawataki uimara uliopitiliza. Sufuria yenye jiwe chini hurudi kwa kasi, huku na huku. Meli ikirudi hivyo, sahani zinaruka mezani na abiria wanatapika. Kwa hiyo uzito wa juu na wa chini hupimwa hadi meli ilale taratibu na kuinuka taratibu.

Mrama unaobaki hupunguzwa na mapezi yanayochomoza ubavuni, chini ya maji. Kifaa kiitwacho jairoskopu kikihisi meli inaanza kulala, pezi la upande unaoshuka hugeuzwa ili maji yalisukume juu, na la upande wa pili yalikandamize chini. Mapezi haya hufanya kazi vizuri meli ikiwa kwenye mwendo.

Msomaji wangu akiogopa kichefuchefu, achukue chumba cha katikati ya meli, deki za chini. Walio juu kabisa ndio wanaobebwa mbali zaidi kila inapolala.