Hesabu za Barazani

Kwa Waswahili jibu la kitendawili halitolewi bure. Mtegaji akisema "Kitendawili!" huitikiwa "Tega!", naye hutaja fumbo lake: nyumba yangu ina nguzo moja. Wakikosea wote, hawataambiwa kuwa ni uyoga mpaka wampe mji. "Nipe mji." "Nenda Tanga." Mji usipomridhisha huukataa, akataka Mombasa au Unguja. Akishaupata husimulia alivyokirimiwa huko pilau na kuku, na mifupa aliyowabakizia walioshindwa. Jibu huja baada ya hayo yote.

Mafumbo ya hesabu na mantiki yamo katika mazungumzo hayo hayo, mkekani kwa bibi au barazani baada ya Isha. Baba wawili na wana wawili walikwenda kuwinda, wakaua sungura watatu, na kila mmoja akarudi na sungura mzima. Mtoto anahesabu watu wanne, anagawa, hesabu inamkatalia. Anadai kuna sungura aliyesahauliwa. Bibi hamsahihishi, anamuuliza tu: "Baba yako ni mtoto wa nani?" Mtoto ananyamaza kidogo, kisha anaruka: babu, baba na mjukuu! Ni watu watatu. Furaha hiyo haipatikani kwa kuambiwa.

Lipo pia la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka mto. Mtumbwi unamchukua yeye na kimoja tu. Chui akiachwa na mbuzi atamla, na mbuzi akiachwa na majani atayamaliza. Watu hupanga punje za mahindi sakafuni wakajaribu. Kumvusha mbuzi kwanza ni rahisi, na kurudi kumchukua chui ni rahisi. Wengi hukwama hapo, kwa sababu hawafikirii kwamba kilichokwisha kuvushwa kinaweza kurudishwa. Mbuzi hurudi na mwenye mtumbwi, majani yakavuka, kisha mbuzi akafuatwa tena. Mtumbwi umekata mto mara 7. Kwangu mimi, hili ndilo fumbo bora kuliko yote, maana linamfundisha mtu kurudi nyuma kwa makusudi.

Wazee waliosoma hupenda lile la mirathi. Marehemu kaacha ngamia 17 na wana watatu: wa kwanza apate nusu, wa pili theluthi, wa tatu tusui, na ngamia asichinjwe. Mwamuzi akaongeza ngamia wake, wakawa 18. Akatoa 9, akatoa 6, akatoa 2. Jumla 17, naye akaondoka na ngamia wake. Wasikilizaji hushangilia, lakini aliyesoma elimu ya mirathi hushtuka mapema, kwani Qur'ani imetaja mafungu sita, yaani nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, na tusui haimo. Akijumlisha nusu, theluthi na tusui anapata 17 juu ya 18. Marehemu hakugawa mali yake yote, kwa hiyo kila mwana alipata zaidi kidogo ya alichoandikiwa. Ngamia wa mwamuzi alirahisisha tu hesabu iliyokuwa na pengo tangu mwanzo.

Hata Abunuwasi, yule mjanja wa hadithi, alishinda kwa mantiki ya namna hii. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na ndogo akisema imezaa, kisha akaiazima tena na kusema imekufa: jirani aliyekubali kwamba sufuria imezaa hakuwa na njia ya kukataa kwamba imekufa.

Siku hizi mtoto akikwama huchukua simu, na jibu linamfikia kabla hajajaribu hata mara moja. Wazazi, mrudishieni ule muda wa kuhangaika. Nanyi walimu wa hesabu, anzeni kipindi kimoja kila wiki kwa fumbo la chui au la ngamia, mwaache wanafunzi wabishane, wachore, walale nalo, na msilitoe jibu siku hiyo hiyo.