Gesi ya Bei Rahisi: Tuhame au Tukae?



Hivi majuzi tulikuwa tumeketi na akina mama wa jumuiya moja hapa Ziwani kukagua vitabu vya chama chao. Ajenda ilikuwa mikopo, lakini mazungumzo yaligeuka yakawa ya gesi. Mama mmoja alisema amemwacha muuzaji wake wa miaka mingi, kwa vile amepata kijana anayempa mtungi wa kilo 6 kwa shilingi 950, na yule wa zamani anataka 1,100. Wenzake wakampongeza. Shilingi 150 si pesa ya kutupa kwa mtu anayeuza mboga kando ya barabara. Lakini mwingine aliyekuwa ameketi nyuma akauliza, "Na inakufikisha siku ngapi, mama?" Yule wa kwanza akafikiri, akasema siku hizi haimalizi mwezi. Zamani ilikuwa inamaliza na kupita kidogo.

Kwa bahati alikuwa amenunua mwingine jana yake na hajaufungua. Tukamtuma kijana wake aulete, nasi tukaazima mizani kwa muuza vyuma vikuukuu upande wa Gikomba. Mizani yenyewe tuliijaribu kwanza kwa pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili, ikasema nne, basi tukaiamini. Uzito wa mtungi mtupu huwa umeandikwa kwenye chuma karibu na mshikio, mara nyingi kando ya herufi TW. Wa mama huyu ulisema kilo 7.2. Ukiongeza kilo 6 za gesi, unapata 13.2. Mizani ilisimama kwenye 12.

Kilo moja na gramu mia mbili hazimo. Alikuwa amenunua kilo 4.8 kwa shilingi 950, yaani karibu shilingi 198 kwa kilo. Yule muuzaji wa zamani, ikiwa mtungi wake umejaa, anauza kilo moja kwa shilingi 183 hivi. Mama alihama kutoka kwa wa bei rahisi akaenda kwa wa bei ghali, na huku anashangiliwa.

Hatusemi kijana yule ni mwizi. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo na mtu wa juu yake na hajawahi kupima. Lakini kisa hiki kilitufanya tuone haja ya kuandika juu ya jambo hili, maana wengi wetu tunalinganisha bei iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao na kufikiri tumemaliza kulinganisha.

Tukumbuke kwanza kwamba uhuru huu wa kuhama haukuwepo zamani. Kabla ya mwaka 2009 kila kampuni ilikuwa na valvu yake na regulata yake. Ukiwa na mtungi wa kampuni fulani ulikuwa umefunga ndoa nayo, maana kuhama kulimaanisha kununua mtungi mwingine na regulata nyingine. Sheria za gesi za 2009 zilileta valvu ya aina moja na kulazimisha kampuni kubadilishana mitungi. Ukaweza kupeleka mtungi wa rangi moja na kurudi na wa rangi nyingine. Halafu sheria mpya za 2019 zikaondoa lazima hiyo ya kubadilishana. Sasa ni kampuni zenyewe zinazoelewana, na muuzaji anatakiwa awe na idhini ya maandishi ya kampuni ambayo gesi yake anaiuza. Kwa hiyo kabla hujahama, uliza swali moja: "Nikichoka na hii, mtungi huu utapokelewa na nani?" Kuna watu hapa mtaani wanaotunza mtungi wa kampuni isiyojulikana chini ya kitanda kwa sababu hakuna duka linaloutaka. Waliupata kwa bei nzuri sana.

Jambo lingine ni kwamba bei ya gesi haipangwi kama ya mafuta ya taa. Tangu mwisho wa mwaka 2010 serikali imekuwa ikitangaza kila tarehe 14 bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi ya mtungi haikuwekwa katika mpango huo, na kila muuzaji hujipangia. Kodi nayo imekuwa ikipanda na kushuka: VAT ya gesi iliondolewa 2016, ikarudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa tena Julai 2023. Mabadiliko ya namna hiyo huwapata wauzaji wote pamoja. Basi ukiona wote wako kwa 1,100 na mmoja peke yake yuko chini sana, hiyo si kodi. Huenda ni ukarimu, huenda anatafuta wateja wapya. Lakini huenda pia mtungi haujajaa, au umejazwa uchochoroni na mtu asiye na ruhusa, kwa kuhamisha gesi kwa paipu kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo. Mtu wa namna hiyo hakagui mitungi kama ina kutu wala hana wa kumwuliza. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Embakasi katika eneo la Mradi, kituo kikiwa katikati ya nyumba za watu. Watu walikufa na zaidi ya mia mbili wakaumia. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilisema maombi ya kibali cha kujenga kituo cha gesi pale yalikuwa yamekataliwa. Waliolala nyumba za jirani hawakuwa wameuziwa chochote.

Sasa tuje kwa huduma, maana hapa ndipo watu wanachanganyikiwa. Muuzaji akikuita "kastoma wangu", akikuletea mtungi hadi mlangoni kwa bodaboda na kukupa kiberiti cha bure, hiyo ni heshima na tunashukuru. Lakini huduma tunayoizungumzia ni nyingine. Je, anakubali kupima mtungi mbele yako bila kununa? Je, sili iko mzima, na ina jina la kampuni ile ile iliyoandikwa kwenye mtungi? Je, akifunga regulata anapaka povu la sabuni kwenye maungio aone kama kuna mapovu yanayopanda? Na ukimpigia simu saa mbili usiku kwamba unasikia harufu, anapokea? Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni. Wengi wetu hapa tunaishi chumba kimoja, jiko pembeni, na watoto wanalala chini kwenye godoro. Muuzaji anayerudi kubadilisha kimpira kilichokatika ndani ya valvu bila kudai pesa nyingine anastahili shilingi 50 zake za ziada, na sisi tungezilipa. (Na harufu ikikupata kabla hajafika: usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, fungua mlango na dirisha, funga gesi, toa watoto nje kwanza.)

Kuna huduma moja ambayo walio na mishahara hawaielewi, nayo ni kukopeshwa. Mfanyakazi wa kibarua anaweza kukosa 1,100 kwa siku moja hata akiwa mtu wa bidii. Muuzaji anayemwambia "chukua, utaleta Ijumaa" amemwokoa asirudi kwa mafuta ya taa ya kupima au makaa ya mkebe, ambayo ukijumlisha ya mwezi mzima mara nyingi yanapita bei ya mtungi. Hatuwezi kumlaumu mtu akibaki na muuzaji huyo hata kama ni ghali kidogo. Lakini mkopo nao una kamba. Tumeona mama ambaye anadaiwa daima, kwa hiyo hawezi kuuliza juu ya uzito, hawezi kulalamika, na bei anayotajiwa yeye siyo ile anayotajiwa mwenye pesa mkononi. Mtu kama huyu asihame kwa hasira. Afadhali achukue mkopo mdogo wa chama, alipe deni, kisha aongee na muuzaji wake akiwa amesimama wima.

Pia kuna gesi ya mita, kama M-Gas, unayolipia kidogo kidogo kwa M-Pesa, nayo kampuni huleta mtungi mwingine ule wa kwanza ukikaribia kwisha. Kwa anayepata pesa ya kila siku ni msaada mkubwa, na mambo ya uzito mita inayahesabu. Lakini mtungi na mita ni vya kampuni. Kabla ya kuweka alama ya kidole, uliza ikiwa utahama nyumba inakuwaje, na piga hesabu ya kilo kama tulivyofanya juu.

Upande wa stima hatuna la kuchagua. Hapa Nairobi nguzo ni za Kenya Power, na asiyeridhika hana jirani wa kumkimbilia. Kinachobaki ni kuandikisha malalamiko, kuandika namba unayopewa, na usiposikilizwa kupeleka kwa EPRA. Wapo wanaosema wamehamia ile ya sambaza inayopita juu ya mabati. Hiyo si kuhama muuzaji. Hakuna wa kumpigia simu waya ukianguka.

Tusije tukaeleweka kwamba kila wa bei rahisi ni mbaya. La hasha. Wapo wauzaji wa zamani wanaotegemea mazoea tu: mteja wa miaka kumi, mtoto wake alibatizwa siku moja na wa kwako, basi anapandisha bei kwa kujua utaona haya kuondoka. Hakuna dhambi kumwacha mtu kama huyo. Nunua mtungi mmoja kwa mwingine mwenye leseni, upime, weka alama kwenye kalenda siku unapouwasha na siku unapokwisha, upike vile vile unavyopika. Baada ya mitungi miwili utajua, na wala hutahitaji kugombana na mtu.

Yule mama alirudi kwa kijana wake na karatasi ya hesabu. Kijana alikasirika kwanza, halafu akakubali kumpa mtungi mwingine, na wakaupima wote wawili pamoja. Ulikuwa na kilo 13 na gramu 100. Mama bado ananunua kwake, lakini sasa haondoki dukani kabla ya kupima.

Chama kimenunua mizani ya kuning'iniza. Imewekwa kwetu ofisini kanisani, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Hailipiwi. Njoo na mtungi kabla hujavunja sili, na usiulaze njiani. Ubebe ukiwa umesimama.