Mkono wa Kupopoa Embe

Msimu wa embe ukifika Kisarawe, kuanzia Minaki hadi Maneromango, hakuna anayehitaji kufundishwa kutupa jiwe. Mtoto huchagua kokoto linaloenea kiganjani, hurudi hatua mbili, jicho kwenye kikonyo. Mgeni hulenga tunda akalipasua. Fundi hupiga kikonyo, embe likadondoka zima. Kibaha, wasichana wana rede yao: mpira wa soksi kuukuu, warushaji wawili, na aliye katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa.

Swali likamkwama mwandishi kooni. Mkono huu ukipewa mpira wa besiboli, je?

Maana besiboli ina jambo ambalo Kiswahili bado hakijalipa jina. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo (la mti, si lile la chupa), na mchezo mzima, hadi wapigaji watolewe mara 27, hakuna hata mmoja anayefika kituoni kwa pigo lake mwenyewe. Kwa kupewa kituo bure, sawa. Kwa kosa la mdakaji, sawa. Kwa gongo lake, hapana. Katika rede mrushaji husifiwa kwa kumpata mtu. Huku husifiwa kwa kuwa hakuna aliyempata. Kwa hapa tuseme "amewanyima".

Mmoja wa waliowanyima wapigaji wakiwa bado na sare ya shule ni Daisuke Matsuzaka wa Shule ya Sekondari Yokohama. Agosti 1998, katika Koshien, mashindano ya shule yanayoisimamisha Japani nzima, alikuwa na miaka 17. Tarehe 20, robo fainali dhidi ya PL Gakuen, mchezo wa awamu tisa ulikataa kwisha. Ukafika awamu ya 17. Matsuzaka akarusha zote, mipira 250, Yokohama ikashinda 9-7. Siku moja kabla alikuwa amerusha mchezo mzima, mipira 148.

Tarehe 21, katika nusu fainali, aliwekwa pembeni kulinda upande wa kushoto wa uwanja, mkono umefungwa bandeji. Wenzake wakawa nyuma 6-0 hadi awamu ya nane. Wakarudisha nne. Hapo kijana akaing'oa bandeji, akarusha awamu ya tisa, na timu yake ikapindua, 7-6.

Kesho yake, fainali. Kyoto Seisho hawakupata pigo hata moja. 3-0. Kuwanyima wapinzani katika fainali ya Koshien kulikuwa hakujatokea tangu Seiichi Shima mwaka 1939, naye Shima aliwanyima nusu fainali na fainali zote mbili, kisha vita ikamuua 1945.

Raha ya hadithi inaishia hapo. Matsuzaka alikwenda kutwaa ubingwa wa Marekani na Boston Red Sox mwaka 2007, lakini 2011 kiwiko chake kilipasuliwa, na 2015 bega. Je, ni ile mipira 250? Nani atathibitisha? Mwaka 2019 kocha wa Shule ya Ofunato alikataa kumpanga Roki Sasaki, kijana aliyekuwa akirusha kilomita 160 kwa saa, katika fainali ya mkoa wa Iwate ya kufuzu Koshien, ili kuulinda mkono wake. Timu ikafungwa 12-2, na simu za hasira zikamiminika shuleni. Aprili 2022, akiwa na miaka 20, Sasaki huyo aliwazuia wapigaji wote 27 wa Orix Buffaloes, bila hata mmoja kufika kituoni. Lakini mashindano ya shule ya Koshien hakuwahi kuyacheza.

Tanzania tumeukuta mchezo huu juzi tu. Shinya Tomonari, Mjapani aliyekwisha kuufundisha Ghana, aliuleta mwaka 2012 katika Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, kwa maneno matatu: nidhamu, heshima, haki. Leo hapo Azania kuna uwanja wa besiboli. Kutoka Kibaha ni kushika tu Barabara ya Morogoro kuelekea mjini. Wala ndoto yenyewe si ya mbali: David Matoma, mrushaji wa Uganda, alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2023.

Tangu 2020 mwanafunzi wa Japani haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 500 kwa wiki katika mashindano. Mwalimu wa michezo utakayeanzisha timu Kibaha au Kisarawe, kabla ya gongo na glavu, nunua daftari la kuhesabia.