Mwalimu wa Soka la Mabinti

Katika Chuo cha Ualimu Kasulu, huku nyanda za juu za Buha ambako umande wa alfajiri huulowesha mpira hata ukawa mzito, mkufunzi aliyekabidhiwa timu ya mabinti, akihesabu hatua na kuchomeka vijiti mahali pa koni, huwaandaa kwa UMISAVUTA, michezo ya vyuo vya ualimu nchini Tanzania. Naye ngazi ya leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, huipanda taratibu: D, C, B, hata A. Ni kazi ya sharafu, nasema kwa yakini. Maana Serengeti Girls, timu ya taifa ya mabinti chini ya miaka 17 iliyonolewa na kocha Bakari Shime, waliowafunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la vijana mwaka 2022 huko India, nao walianza kwa kufundishwa kupokea mpira.