Alama Tano Kabla ya Mei: Kuinua Matokeo Kabla ya Kuomba Chuo Kikuu

Kila mwaka yanapotoka matokeo ya mtihani wa utamilifu wa Kidato cha Sita, ule ambao wengi tunauita moko, ofisi ya miradi hupata maombi yanayofanana. Mzazi wa Soweto au wa Uru anakuja na karatasi yenye Daraja la Tatu na kuuliza: je, walimu hawawezi kumwandikia mtoto alama nzuri zaidi ili apate mfadhili? Kwa upande wa pili, mfadhili wa ng'ambo anaandika akitaka alama za makadirio za kijana, ajue kama aendelee naye au hapana. Tumeona vema tuyajibu maswali haya kwa pamoja, kwa sababu jibu lake linagusa jinsi kamati za usharika zinavyotumia fedha za elimu.

Makadirio ni nini?

Nchini Uingereza mwanafunzi huomba chuo kabla hajafanya mtihani wa mwisho. Mwalimu huandika alama anazokadiria kuwa mwanafunzi huyo atazipata, na chuo humpa nafasi kwa masharti. Matokeo yakitoka mwezi Agosti na masharti hayakutimizwa, nafasi inaweza kupotea. Hata hapa Moshi, wanafunzi wa UWC East Africa, ambayo zamani iliitwa International School Moshi, husoma mtaala wa kimataifa wa IB, na wanapoomba vyuo vya nje hutumia makadirio ya walimu wao.

Kwa mwanafunzi wa shule zetu za kawaida anayeomba chuo cha Tanzania, utaratibu huo haupo. Mtihani hufanyika Mei, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutoa matokeo, ndipo vyuo hupokea maombi chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tangu mwaka 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni, na chuo huangalia matokeo ya NECTA. Alama ambayo mwalimu ameiandika kwa huruma haina mahali pa kuingia.

Wafadhili wetu nao wafahamu kwamba makadirio ni kipimo dhaifu hata kule yanakotumika. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2016 ulionyesha kuwa ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata alama sawasawa na walizokadiriwa, na wengi walikuwa wamekadiriwa juu mno. Mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona, serikali ya huko ilijaribu kurekebisha makadirio ya walimu kwa kompyuta. Malalamiko yalikuwa makubwa hata ikabidi kuuacha mpango huo tarehe 17 Agosti.

Chuo kinahesabu nini?

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Kwenye cheti cha Kidato cha Sita, daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo matatu ya tahasusi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Daraja la Tatu ni kuanzia pointi 13 hadi 17. Lakini katika udahili hesabu hugeuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili yanayotambuliwa na kozi husika, yenye jumla ya pointi 4.

Tuchukue mfano wa vijana wawili. Wa kwanza ana D, D na S. Wa pili ana D, E na E. Kwenye cheti wote wana pointi 14, Daraja la Tatu. Lakini chuoni wa kwanza ana 2 na 2, jumla 4, anaweza kuomba. Wa pili ana 2 na 1, jumla 3, mlango umefungwa. Na asiye na udahili hawezi kupata mkopo wa elimu ya juu.

Sasa angalieni umbali uliopo kati yao. E huanzia alama 40, D huanzia 50. Ikiwa kijana wa pili alipata 45 katika somo mojawapo, anahitaji alama tano tu, katika somo moja. Huo ndio umbali kati ya kuomba chuo na kubaki nyumbani.

Alama hizo zinapatikana wapi?

Kwanza, mwanafunzi aombe karatasi zake za majibu ya moko. Jumla ya alama haimwambii kitu. Anachohitaji ni kujua mada ipi ilimwangusha, na kama aliliacha swali kwa kutojua au kwa kuishiwa muda.

Pili, asome taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza, kwa kila somo, na zinaeleza swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi. Wanafunzi wengi hawajawahi kuziona.

Tatu, ajibu mitihani iliyopita kwa saa, kwa maandishi, kisha mwalimu wa somo asahihishe. Kusoma madaftari usiku kucha bila kuandika jibu hata moja hakumwonyeshi mtu makosa yake.

Nne, achague pa kuweka nguvu. Somo lililokaribia daraja linalofuata lipewe muda zaidi, mradi liwe miongoni mwa masomo yanayodaiwa na kozi anayoitaka. Kijana mwenye ndoto ya udaktari hawezi kuitupa Fizikia kwa kuwa Baiolojia inakwenda vizuri, maana kozi hiyo hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote.

Kazi ya kamati

Kamati nyingi hutenga fedha za elimu baada ya matokeo kutoka, kwa nauli na ada ya udahili. Tunashauri sehemu ya fedha hizo isogezwe mbele, itumike kati ya Desemba na Aprili. Mahitaji ni madogo: kutoa nakala za mitihani, posho ya mwalimu wa somo, umeme wa ukumbi wa usharika, nauli ya mwanafunzi kurudi shuleni kwa wakati.

Desemba ndiyo likizo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopotea. Ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kula Krismasi nyumbani, nyumba inajaa wageni, na binti wa Kidato cha Sita yuko jikoni tangu alfajiri. Kule juu mlimani anasubiriwa akakate majani ya ng'ombe; huku Soweto anashika biashara ya mama yake. Hatusemi asisaidie. Tunaomba apewe saa tatu kila siku ambazo hakuna atakayemtuma, na usharika umfungulie ukumbi.

Kamati inapomwandikia mfadhili, iandike alama halisi ya moko, somo kwa somo, pamoja na mpango wa kazi hadi Mei. Barua iliyopambwa hubomoka Julai, na anayefuata baada ya kijana huyo hataaminiwa.

Kama hayakutosha

Mwanafunzi anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kusoma stashahada. Akihitimu kwa wastani wa angalau 3.0 na ana ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, anaweza kuomba shahada. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kina programu ya msingi kwa waliopungukiwa pointi. Njia hizi huongeza muda na gharama, kwa hiyo tunawaomba wafadhili wasimwache kijana mwezi ule ule matokeo yanapotoka.

Tunaziomba kamati zilete majina ya wanafunzi wa Kidato cha Sita kabla ya likizo ya Desemba, pamoja na alama zao za kila somo. Tukizipata mapema, tutajua nani anahitaji alama tano na katika somo gani, na mwalimu atatafutwa wakati bado upo.