Bomba la Maji Taka Laweza Kuacha Bustani



Tukisikia ya kwamba bomba la maji taka litapitishwa kando ya mto, wengi wetu tunafikiria mambo mawili tu: harufu na kubomolewa. Je, kazi hiyo hiyo yaweza kuwaachia watu mahali pa kupumzika? Hebu tutazame mji wa London, Uingereza.

Mwaka wa 1858, wakati wa joto, mto Thames ulinuka hata wabunge, ambao jengo lao liko ukingoni, wakashindwa kuvumilia. Uchafu wa vyoo vya mji ulikuwa unaishia mtoni. Basi wakapitisha sheria, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi. Mfereji mmoja mkubwa ulitakiwa kupita karibu na mto, lakini kuchimba barabara kuu ya Strand kungevuruga biashara. Kwa hivyo alijenga ukuta mtoni, akajaza udongo nyuma yake, akaupitisha mfereji humo. Juu yake ikawa barabara, miti na bustani. Mahali hapo, Victoria Embankment, palifunguliwa 1870, na hadi leo watu hutembea hapo.

Lakini mifereji hiyo ilibeba maji ya mvua pamoja na ya choo. Mji ulipokua, mvua ikinyesha uchafu ulifurika mtoni. Ndipo kuanzia 2016 likajengwa handaki la kilomita 25, upana wa mita 7.2. Liliunganishwa lote Februari 2025. Palipochimbwa mashimo makubwa ya kazi, kama Putney na Chelsea, hawakuacha saruji na seng'enge tu. Walitengeneza mahali pa umma pa kutembea na kukaa. Gharama inalipwa na wakaaji wenyewe kupitia bili zao.

Sisi tunajifunza nini?

Kwanza, bomba litangulie. Bustani kando ya mto unaonuka ni kama kupaka rangi nyumba iliyooza.

Pili, juu ya bomba hapajengwi nyumba, maana mafundi lazima wafike kulizibua. Ardhi hiyo ikiachwa hivi hivi, itajaa takataka ama itanyakuliwa. Ikiandikwa mapema kuwa njia ya umma, ni ya wote.

Tatu, tuulize juu ya watu. Nairobi, mwaka wa 2024 baada ya mafuriko, nyumba nyingi zilizokuwa karibu na mito zilibomolewa, na wengi hawakuwa na pa kwenda. Bustani ina faida gani kama jirani yetu amelala nje?

Kwa hivyo, kikundi kikisikia habari za bomba kisingoje tingatinga. Kiende kwa chifu na ofisi ya kaunti na maswali yaliyoandikwa: Bomba litapita wapi? Wanaohamishwa watapelekwa wapi? Ardhi ya juu itakuwa ya nani, na nani ataitunza? Majibu yaandikwe katika kitabu cha mkutano, na tarehe. Maji yakimwagika hayazoleki.