Nani Aliitoa Themostati?

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Iringa, baada ya kuviacha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni barabara inaanza kujikunja na kuupanda mlima Kitonga. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, moja nyuma ya jingine, na gari dogo halina pa kupenya. Ni hapo Corolla yangu ilipochemsha, miaka kadhaa iliyopita. Mshale wa joto ulipanda taratibu, halafu ukapanda kwa kasi, na kabla sijapata pa kuegesha mvuke ulikuwa umeshatoka kwenye boneti na kufunika kioo chote cha mbele.

Nilishuka mbio na kitambaa mkononi, nikakiendea kifuniko cha rejeta. Utingo wa lori lililokuwa nyuma yangu akaniwahi mkono. "Kaka, hapo usiguse. Itakubabua uso." Akaweka mawe nyuma ya matairi yangu, akanipa dumu la maji, akaniambia nisubiri mpaka nitakapoweza kuushika mpira wa rejeta bila kuungua. Ilichukua karibu saa nzima. Nilifika Iringa jioni, nikisimama kila baada ya kilomita chache.

Kesho yake fundi mmoja mtu mzima alifungua nati mbili upande wa injini, akachomoa bomba, akaingiza kidole kwenye tundu. Hakikugusa kitu.

"Mwanangu, nani kakutolea themostati?"

Sikujua. Niliporudisha mawazo nyuma nikakumbuka kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo gari lilipandisha joto kwenye foleni Dar, nikalipeleka gereji jirani na kwangu. Fundi alilishughulikia nusu saa tu, akanitoza hela kidogo, mshale ukashuka, nami nikamshukuru sana. Hakunieleza alichofanya na mimi sikuuliza. Kumbe alikuwa ameondoa kile kifaa na kukitupa.

Tangu siku hiyo nimewauliza wenye magari wengi kwa nini wanaitoa, na jibu ninalopata mara nyingi ni lile lile: themostati ni ya Ulaya na Japani, sisi nchi yetu ni ya joto. Kulanti nayo inasemwa hivyo hivyo, kwamba ni dawa ya kuzuia maji yasigande, na Dar hakuna barafu, basi maji ya bomba yanatosha. Maneno haya yanaingia akilini kirahisi, ndiyo maana yamedumu. Lakini si ya kweli, na yanaua injini nyingi.

Themostati ni mlango mdogo. Ndani yake mna kibweta chenye nta. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka. Joto likifika kiwango kilichogongwa kwenye kifaa chenyewe, mara nyingi nyuzi 82 au 88, nta inayeyuka, inatanuka na kuusukuma mlango, na maji yanaanza kwenda kwenye rejeta kupoozwa. Yakipoa kupita kiasi mlango unarudi kidogo. Kazi hiyo haihusiani na hali ya hewa ya nje. Nyuzi 32 za Dar na nyuzi 5 za Tokyo zote ni baridi mbele ya injini inayotaka kufanya kazi karibu na nyuzi 90.

Ukiitoa, maji yanapita rejeta muda wote. Injini inachelewa kupata moto, na kompyuta ya gari, ikisoma kwamba injini bado baridi, inaongeza petroli. Katika magari mengi yenye gia za kujiendesha, gia ya juu kabisa hairuhusiwi kuingia mpaka injini ipate joto linalotakiwa, kwa hiyo safarini unaunguruma tu na mafuta yanakwisha. Oili isiyopata moto wa kutosha haiukaushi unyevu uliomo, nayo inageuka tope. Kuna injini ambazo themostati zake zina sahani ya pili, inayoziba njia fupi pale mlango mkuu unapofunguka. Katika injini hizo, ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kufika kwenye rejeta kabisa, na gari linachemsha mlimani ingawa uliitoa ili lisichemshe.

Hata hivyo hasara kubwa kuliko zote ni kwamba kuitoa kunaficha ugonjwa. Gari halichemshi bila sababu. Feni imekufa, au rejeta imeziba, au wota pampu imechoka, au kifuniko hakishiki presha. Mlango ukiondolewa, mshale unashuka kwa muda, mwenye gari anafurahi, na ile sababu inabaki palepale ikikua. Yangu ilikuwa rejeta. Fundi wa Iringa aliipindua na kuigonga, ikatoa uchafu wa rangi ya kahawa wa kujaza kikombe. Huo ulitokana na maji ya kisima ya mtaani kwangu, yenye chumvi, niliyokuwa nikiongeza kila Jumamosi nikidhani nalitunza gari.

Niseme kidogo kuhusu kulanti, kwa sababu hapa ndipo watu wanapobania hela ndogo. Ni kweli inazuia maji kuganda. Lakini pia inayapandisha kiwango cha kuchemka, na ina dawa za kuzuia kutu na ulaji wa madini. Injini kama 1NZ-FE, iliyomo kwenye Corolla nyingi, IST, Raum na Probox zinazojaa barabarani kwetu, ina bloku na hedi za aluminiamu. Land Rover 109 nyingi za zamani zilikuwa na bloku na hedi za chuma cha kalibu. Ziliweza kuvumilia mengi. Hedi ya aluminiamu ikichemshwa sana mara moja tu inaweza kupinda, gasketi ikakatika, na maji yakaingia kwenye silinda au kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, bili unayoisubiri ni ya kushusha hedi na kuipeleka ikasawazishwe kwenye mashine. Rangi ya kulanti, iwe nyekundu, kijani au buluu, ni rangi tu. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kama unaichanganya mwenyewe tumia maji yaliyosafishwa, si ya kisima.

Na kifuniko cha rejeta, ambacho pale Kariakoo unauziwa chochote kinachoenea mdomoni, kina namba juu yake: 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha. Kifuniko kizima cha 1.1 kinayafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Kikilegea, pale usawa wa bahari yatachemka kwenye 100. Iringa mjini, mita kama 1,600 juu ya bahari, maji yasiyo na presha yanachemka karibu na 95. Gari lililovumilia foleni ya Ubungo na kifuniko kilicholegea linaweza kushindwa Kitonga, na dereva akaulaumu mlima.

Likikuchemshia njiani, zima kiyoyozi na ufungue hita mpaka mwisho. Najua ni adhabu mchana wa jua, lakini hita ni rejeta ndogo, inatoa joto kwenye injini wakati unatafuta pa kuegesha. Hita ikipuliza hewa ya baridi huku mshale uko juu, maji yameisha. Zima injini papo hapo. Ikishapoa, ongeza maji kidogo kidogo. Maji ya baridi yakimwagwa yote kwa pamoja kwenye injini yenye moto yanaweza kuipasua.

Vijana wa bodaboda huniambia wao hawahusiki kwa sababu Boxer haina rejeta. Rejeta yake ni yale mapezi kwenye silinda. Tope likikauka katikati ya mapezi, upepo haupiti. Nimeona pikipiki zilizofungwa kipande cha mpira mbele ya injini ili matope yasimrukie dereva, halafu zinapandisha mlima na mishikaki ya watu watatu. Oili ya pikipiki ya namna hiyo ni kama lita moja tu, nayo ndiyo inayosaidia kupooza. Ikipungua robo lita, robo ya msaada imeondoka.

Mwaka jana mdogo wangu alitaka kununua Vitz iliyotumika hapa Dar. Nilimwomba muuzaji asiliwashe gari asubuhi kabla hatujafika, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema inaficha mengi. Vitz nyingi hazina mshale wa joto; zina taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Hiyo ya buluu inapaswa kuzimika baada ya dakika chache. Tuliondoka Tabata, tukafika Ubungo, taa bado inawaka. Mdogo wangu akauliza ina maana gani.

"Hilo nimelitoa themostati mwenyewe," muuzaji akasema kwa fahari. "Haliwezi kuchemsha hata uende nalo Mbeya."

Tukamwambia bei tumeikubali, ila airudishe kwanza, themostati mpya tutainunua sisi. Alikuwa muungwana, akakubali. Fundi akaifunga, akajaza kulanti, akatoa hewa yote kwenye mfumo, nasi tukaliendesha tena jioni kwenye foleni ileile. Taa ya buluu ilizimika kabla hatujafika Mabibo. Dakika 20 baadaye, gari limesimama na joto limepanda, nilishuka nikasikiliza mbele ya boneti. Feni haikuzunguka.